UZI: "Mwambie akubali yaishe." Ndugu mwenye kesi ya unga mahakama ya shirikisho Marekani, someni hapa kwanza

Mtanga wa Ughaibuni (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Ndani ya mwezi huu nimepigiwa simu mbili, moja kutoka Tandika, nyingine kutoka Mtwapa. Zinafanana kama mapacha: kijana kakamatwa huku Marekani na mzigo wa unga, yuko mahabusu, na familia imeshakaa kikao ikatoa uamuzi. "Mwambie akubali tu yaishe." Nimeona bora niandike hapa, wenye ndugu kwenye matatizo haya wasome kabla hawajamshauri mtu.

Mimi naendesha lori, sheria sikuisomea. Ila mtoto wa mama yangu mdogo alipita njia hii, na huku ndugu yake wa karibu nilikuwa mimi peke yangu. Nilikaa benchi la nyuma kila kesi ilipotajwa, nikasoma kila karatasi aliyopewa, na tangu hapo familia nyingine zimekuwa zikiniomba nizisindikize mahakamani.

Neno langu ni hili: huku ukikubali, hayaishi. Ukishasema "nina hatia" mbele ya jaji wa shirikisho, yaani wa serikali kuu na si wa jimbo, umeacha haki ya kusikilizwa na jopo la raia 12, umeacha haki ya kuwahoji mashahidi, umeacha haki ya kukaa kimya. Kilichobaki ni miaka mingapi. Na miaka hiyo inategemea sana maneno yatakayotoka mdomoni mwako siku hiyo hiyo.

Anzeni na uzito wa mzigo. Sheria ya shirikisho ina kima cha chini cha adhabu ambacho jaji hawezi kukishusha kwa sababu tu amekuonea huruma. Heroini gramu 100 ni miaka 5 hadi 40. Ikifika kilo 1 ni miaka 10 hadi maisha. Kokeini gramu 500 kwa miaka 5, kilo 5 kwa miaka 10. Fentanili ni gramu 40 na gramu 400. Na hapo wanapima mchanganyiko wote. Mtu akichanganya unga kidogo na sukari nyingi, sukari nayo imo kwenye mizani.

Sasa, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2013, uzito unaopandisha kima cha chini lazima uthibitishwe mbele ya jopo, au mshtakiwa aukiri mwenyewe. Kwa hiyo ndani ya karatasi ya makubaliano kuna mstari mmoja mfupi, "gramu 500 au zaidi", na mstari huo una thamani ya miaka mitano ya uhai wa mtu. Familia nyingi huwa zinauliza "anatoka lini". Muulizeni wakili kwanza: amekiri gramu ngapi?

Halafu huku hakuna kufungwa miaka kumi ukatoka baada ya minne. Parole iliondolewa shirikisho kwa makosa yaliyofanyika kuanzia Novemba 1987. Ukiwa na tabia njema unapunguziwa siku 54 kwa kila mwaka wa hukumu.

Nitaendelea na siku yenyewe ya kukiri, nile kwanza.

---

Msomaji Kimya

Tupo mkuu. Shusha.

---

Mgosi wa Lushoto

Swali dogo kabla hujaendelea. Kwani huko kesi za kusikilizwa hadi mwisho hazipo? Kwenye sinema tunaona mawakili wanabishana mbele ya jopo.

---

Mtanga wa Ughaibuni

Mgosi, zipo, ila chache sana. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu yenyewe iliandika kwamba asilimia 97 ya hatia za shirikisho zinatokana na kukiri. Mashahidi kupandishwa kizimbani mbele ya jopo ni jambo la nadra. Mambo yote yanaamuliwa kwenye mazungumzo ya wakili na mwendesha mashtaka, na jaji haruhusiwi kabisa kuingia kwenye mazungumzo hayo.

Sasa siku ya kukiri.

Mdogo wangu aliingizwa kwa mlango wa pembeni, mnyororo miguuni, shati la mahabusu limempwaya. Akapewa spika za masikioni za mkalimani. Mkalimani anagharamiwa na mahakama, ni sheria tangu 1978, kwa hiyo msiruhusu ndugu yenu aseme "Kiingereza nakijua kidogo kidogo, twende tu." Kiingereza cha kuombea kazi ghalani hakitoshi pale.

Akaapishwa. Kuanzia hapo uongo ni kosa jipya. Jaji akamuuliza umri, akamuuliza shule aliishia wapi, kisha akauliza kama katika saa 24 zilizopita ametumia dawa yoyote au pombe. Mkalimani akasema "dawa".

Wakuu, kwa Kiswahili Panadol ni dawa, na unga ni dawa. Mdogo wangu aliganda. Nilimwona mabega yanapanda. Akajibu kwa haraka, "Sijawahi kutumia mheshimiwa, mimi nilibeba tu." Wakili akainuka kwenye kiti. Jaji akainua mkono kumtuliza, akauliza upya polepole: kidonge cha presha, cha mafua, cha maumivu? Ndipo akasema mahabusu wanampa kidonge cha usingizi. Jaji akauliza jina la kidonge, alikimeza saa ngapi, kinamchanganya kichwa au hapana, anaelewa leo amekuja kufanya nini. Mimi nyuma nikadhani anapoteza muda. Baadaye nikaelewa kwamba kila neno linaandikwa, na yule jaji alikuwa anafunga mlango mmoja baada ya mwingine, ili kesho mtu asirudi kusema "siku ile sikuwa na akili zangu."

Akamsomea anachokiacha na kinachomsubiri. Miaka 5 hadi 40. Baada ya kifungo, uangalizi usiopungua miaka 4. Faini inayoweza kufika dola milioni 5. Dola 100 za mahakama. Akamwambia kwamba kwa kuwa si raia anaweza kuondolewa nchini, kunyimwa uraia na kukataliwa kuingia tena. Onyo hilo liliingizwa rasmi kwenye Kanuni ya 11, inayoongoza shughuli nzima ya kukiri, mwaka 2013. Akamuuliza kama kuna mtu amemtisha au kumwahidi kitu kisichoandikwa.

Kisha: "Niambie kwa maneno yako mwenyewe ulifanya nini."

Akasema, "Nimekosa mheshimiwa, naomba mnisamehe."

Kwetu hayo ni maungamo kamili. Mtu akishasema nimekosa mbele ya wazee, wazee wanaanza kuzungumzia faini ya mbuzi. Jaji yule hakutaka msamaha. Alitaka kujua alibeba nini, alijua ni nini, alipatana na nani. Mdogo wangu akasema, "Nilipewa begi nipeleke. Sikujua lina nini."

Jaji akaweka kalamu chini. Akasema kama hukujua, siwezi kupokea kukiri kwako, na hakuna ubaya, kesi yako itasikilizwa.

Tulisimama karibu dakika ishirini, yeye na wakili na mkalimani wakinong'ona pembeni. Aliporudi sauti ilikuwa imeshuka. "Nilijua ni kokeini. Nilikubaliana na mtu niifikishe kwa mtu mwingine, nilipwe." Hapo ndipo jaji akapokea.

Hilo ndilo neno "kula njama" kwenye hati ya mashtaka, ambalo familia zinalikataa kwa hasira, "mtoto wetu hana njama na mtu." Njama huku haihitaji kikao cha usiku. Kupatana na mtu mmoja kuvunja sheria ya dawa za kulevya kunatosha, hata kama mlipatana kwa simu.

---

Baharia wa Old Town

Mleta mada umenikumbusha kesi ya ndugu wa hapa kwetu Mombasa, akina Akasha. Watu wa huku tuliifuata tangu waliposhikwa Novemba 2014. Kesi ya kuwapeleka Marekani ikavutwa hapa zaidi ya miaka miwili, mpaka Januari 2017 wakasafirishwa hadi New York. Oktoba 2018 Baktash na Ibrahim wote wawili wakakiri, pamoja na kuhonga maafisa huku Kenya ili kesi isiende.

Watu mtaani walisema "wamekubali, watapewa mitano warudi." Jaji Victor Marrero alimpa Baktash miaka 25 Agosti 2019, na Ibrahim 23 Januari 2020. Nakumbuka siku ya hukumu ya kwanza, kibaruani kwetu hakuna aliyeamini. Sasa nieleze, kukiri kuliwasaidia nini?

---

Mtanga wa Ughaibuni

Baharia, swali zuri na watu wengi linawachanganya.

Kukiri kwenyewe kunapunguza kidogo tu. Ndani ya mwongozo wa adhabu kuna hesabu ya pointi, zikipanda kifungo nacho kinapanda, na aliyekubali kubeba jukumu la kosa lake anapunguziwa pointi 2, au 3 kama kosa ni kubwa na amekiri mapema. Mzigo ukiwa kilo 99 za heroini kama ule waliokabidhi kwa watu wa DEA, kikosi cha Marekani cha kupambana na dawa za kulevya, waliojifanya wanunuzi, ukaongeza silaha na hongo, pointi 3 ni tone baharini. Kima cha chini pale kilikuwa miaka 10 na cha juu maisha. Jaji alikuwa na uwanja mpana.

Na hili nalo lieleweke: mara nyingi jaji hafungwi na alichokubaliana mwendesha mashtaka na wakili wako. Kuna aina ya makubaliano inayomfunga jaji kwa idadi ya miaka akishayakubali, lakini aina iliyozoeleka ni ile mwendesha mashtaka anaahidi kupendekeza tu. Jaji akizidisha, huwezi kusema "nimedanganywa, nafuta." Waulizeni mawakili, makubaliano yetu ni ya aina gani? Mkijibiwa "msijali, jaji huyu mwema," hapo hamjajibiwa.

---

Mama Zuhura wa Ilala

Wanangu, mimi nasoma tu hapa kila siku siandiki, leo naandika kwa sababu ni mimi. Mwanangu ana mwaka wa saba huko, ana grinikadi. Alhamisi ijayo ndiyo hiyo siku ya kukiri. Tulichangishana ukoo mzima tumpe wakili wa kulipwa ikashindikana, dola elfu ishirini tutatoa wapi. Sasa amepewa wakili wa serikali, na mimi nimemwambia asiongee naye chochote, wakili wa serikali si ndiye anayemfunga? Nimekosea?

---

Mtanga wa Ughaibuni

Mama Zuhura, shikamoo. Pole sana mama.

Mpigie leo, na kama hawezi kupigiwa, tuma ujumbe kwa wakili: aongee naye. Aongee naye yote.

Kwetu Tanzania wakili wa serikali ndiye anayeendesha mashtaka, kwa hiyo hofu yako ina msingi, na hata mama yangu mdogo alisema neno hilo hilo. Huku kuna ofisi mbili tofauti. Mwendesha mashtaka yuko upande wake. Huyu aliyepewa mwanao ni mtetezi anayelipwa na umma kwa sheria ya 1964 kwa ajili ya wasio na uwezo, na siri za mteja anazitunza sawa na wakili wa kulipwa. Wanaofanya kazi hiyo kwenye mahakama za shirikisho wanaijua kuliko wengi. Ninasema hivi kwa uchungu. Sisi wakili wa kwanza tulimlipa kwa mchango wa watu, na nilipomuuliza habari za grinikadi ya mdogo wangu alisema "uhamiaji ni jambo la baadaye." Pesa ilipokwisha akajitoa. Mtetezi wa umma alipokuja, siku ya kwanza kabisa alituambia ukweli: kwa kosa hili atarudishwa Tanzania, tupange tukijua hivyo. Mama yangu mdogo alilia, lakini alilia akijua.

Kuna kesi ya mwaka 2017 ambayo ningependa kila mwenye grinikadi aijue. Jae Lee, Mkorea aliyefika Marekani akiwa na miaka 13, akawa na migahawa miwili Memphis. Alishtakiwa kwa vidonge vya ekstasi. Wakili wake akamhakikishia kwamba akikiri hatafukuzwa. Siku ya kukiri jaji akamuuliza kama suala la kufukuzwa linagusa uamuzi wake, akajibu ndiyo. Akaulizwa kwa vipi, akasema haelewi, akamgeukia wakili, na wakili akamwambia hilo ni onyo la kawaida tu. Akakiri, akapewa mwaka mmoja na siku moja, kisha akajua kwamba kufukuzwa kwake hakukwepeki. Mahakama ya Juu ilikubali kwamba asingekiri kama angejua, ikampa ushindi, 6 kwa 2. Lakini alifika huko baada ya miaka mingi ya kupigana. Onyo la jaji si la kawaida tu. Mwanao likisomwa na akawa hajaelewa, aseme pale pale sielewi.

---

Mwana wa Meru

Na miraa je? Kwetu Maua ni shamba la babu. Kuna kijana wetu ametumiwa maboksi kwa posta akashikwa. Tulijua ni faini.

---

Mtanga wa Ughaibuni

Kwa sheria ya Marekani kathinoni, iliyomo kwenye miraa mbichi, iko jedwali moja na heroini. Mwezi Julai 2006 waliwashtaki watu zaidi ya 40 kwa mpigo mmoja New York kwa ajili ya miraa. Nafuu iliyopo: miraa haina kile kima cha chini cha miaka 5 au 10, jaji yuko huru kuanzia sifuri, ingawa cha juu ni miaka 20. Ila kwa uhamiaji hakuna nafuu, kukiri kusambaza ni kukiri kusambaza. Usimwache akiri kwa kudhani ni kesi ya mboga.

---

Mpenda Haki

Nina hoja tofauti na mleta mada. Unaeleza kama vile kila anayekiri kafanya kweli. Mtu asiye na kosa akiambiwa "kubali upate mitano, ukikataa ukashindwa ni ishirini," atafanyaje? Mimi naona huo ni utekaji wenye karatasi. Na hao wanaoulizwa "kuna aliyekutisha" wote wanajibu hapana, si ndivyo walivyofundishwa?

---

Mtanga wa Ughaibuni

Mpenda Haki, sibishani na wewe. Nimeyaona. Swali la "kuna aliyekutisha" linajibiwa hapana kila mara, kwa sababu jibu lolote jingine linavunja makubaliano. Tishio lenyewe wala halihesabiwi kuwa tishio. Mwendesha mashtaka akisema usipokiri nitaongeza shtaka au nitaleta kosa lako la zamani, Mahakama ya Juu iliruhusu hilo tangu 1978. Mwenye hukumu nzito ya dawa huko nyuma anaweza kupandishwa kutoka miaka 10 hadi 15. Kabla ya sheria ya Desemba 2018 ilikuwa inaruka hadi 20. Kalamu ya kuongeza iko mkononi mwa mwendesha mashtaka. Hilo ni donda la mfumo wao na majaji wao wenyewe wamelilalamikia.

Ninachomwambia mwenye ndugu ni hiki tu: kama kweli hakujua begi lina nini, asiseme alijua ili kumfurahisha mtu. Kuna kukiri huku ukisema sikufanya, Mahakama ya Juu ilikukubali mwaka 1970, lakini waendesha mashtaka wa shirikisho hawakutaki na mara chache sana hupita.

---

Msomaji Kimya

Mkuu, na akishakiri akabadili mawazo?

---

Mtanga wa Ughaibuni

Kabla jaji hajapokea, anaweza kufuta bila sababu. Jaji akishapokea, mpaka aonyeshe sababu ya haki na ya kueleweka, na hapo ndipo yale majibu yake yote ya siku ile yanarudishwa mezani, "uliulizwa, ukajibu hivi." Hukumu ikishasomwa, hakuna kufuta tena, abaki na rufaa au kuipinga hukumu kwa njia ndefu kama Jae Lee, na makubaliano mengi yana kipengele cha kuachia rufaa pia.

---

Binti Kigamboni

Samahani kama nauliza kitu cha kuogopesha. Kaka yangu ameambiwa akitaja wenzake anapunguziwa. Yeye hataki kumchomea mtu utambi, na sisi tuko huku huku mtaa mmoja na watu hao. Bora akae kimya?

---

Mtanga wa Ughaibuni

Dada, hili nitalijibu kwa utulivu maana watu wanachanganya njia mbili.

Njia ya kwanza ni kushirikiana kabisa: kutoa habari, pengine kusimama kizimbani dhidi ya wengine. Hapo jaji anaweza kushuka hata chini ya kima cha chini, lakini ni mpaka mwendesha mashtaka mwenyewe aombe kwa maandishi. Ukimpa kila kitu akaona hakijamsaidia, haombi, na huna pa kumlazimisha kirahisi. Uamuzi huo ni wa kaka yako na wakili wake, na hofu yenu ya mtaani aiweke mezani mapema kabisa, wakili aijue.

Njia ya pili wenyewe wanaiita sefti valvu, kama ile valvu inayotoa mvuke kwenye presha kuka. Iko kwenye kifungu cha 3553(f). Hii haihitaji kusimama kizimbani wala kumnasa mtu. Inamtaka mtu asiwe na rekodi nzito ya makosa, asiwe ametumia nguvu au vitisho wala kuwa na silaha katika kosa hilo, asiwepo aliyekufa au kuumia vibaya, asiwe kiongozi wa kundi, na kabla ya siku ya hukumu awe ameieleza serikali ukweli wote anaoujua kuhusu kosa lake. Hata kama wanayajua tayari. Hata kama hayawasaidii. Ndiyo, ukweli huo unaweza kuwa na majina ndani yake, sitakuficha. Lakini anayeamua kama ametimiza ni jaji. Masharti ya rekodi yalilegezwa mwaka 2018, kisha Machi 2024 Mahakama ya Juu ikayasoma kwa ukali, kwa hiyo mwenye makosa ya nyuma amuulize wakili vizuri.

Mdogo wangu alipita mlango huo. Mzigo wake ulikuwa kati ya gramu 500 na kilo 2, kwenye hesabu ya mwongozo ni pointi 24. Akaondolewa 2 za sefti valvu, zikaondolewa 3 za kukiri mapema, akabaki 19. Kwa asiye na rekodi hiyo ni miezi 30 hadi 37. Kima cha chini kilikuwa miezi 60. Jaji akampa 30. Hiyo miezi 30 haikuja kwa sababu "alikubali yaishe." Ilikuja kwa sababu wakili alihesabu kila pointi, na yeye akakaa kwenye kile kikao cha kueleza akasema kweli mwanzo hadi mwisho.

Alipomaliza, watu wa uhamiaji walikuwa wanamsubiri mlangoni. Sasa yuko Tanga, anauza vipuri vya pikipiki.

---

Mgosi wa Lushoto

Nyongeza ya nyumbani. Tanzania nasi tuna makubaliano ya kukiri kosa tangu marekebisho ya 2019, lakini sheria ile ilipoletwa iliweka nje kesi za dawa za kulevya zenye thamani ya zaidi ya shilingi milioni 20. Nadhani ndiyo maana wazee wetu hawalijui jambo hili. Wao "kukubali" wanakujua kule kwa mahakama ya mwanzo, unakubali, unalipa faini, mnarudi nyumbani na bodaboda moja.

---

Mama Zuhura wa Ilala

Wanangu, Alhamisi imepita. Mkwe wangu alikuwepo, akatoka nje akanipigia simu akanieleza. Nilimpelekea ujumbe kuhusu neno "dawa," wakili akamwambia mkalimani mapema, na jaji alipouliza mkalimani akasema "kidonge chochote, sindano, pombe." Mwanangu akajibu sawasawa. Alipoambiwa aeleze alichofanya alieleza. Hakuomba msamaha kwanza. Gramu alizokiri ni chini ya zile za kwanza kwenye hati, wakili alizipigania.

Hukumu ni baada ya miezi mitatu. Wakili anataka barua za familia kwa jaji. Nimeandika yangu, naomba mtanga unisomee. Nimeanza hivi: "Mheshimiwa Jaji, mwanangu ni mtoto mwema, hakufanya jambo hili, alidanganywa na marafiki."

---

Mtanga wa Ughaibuni

Alhamdulillahi mama, hatua moja imekwenda vizuri.

Barua hiyo usiitume hivyo. Najua imetoka moyoni. Lakini mwanao ameapa akasema nilifanya, na wewe unamwandikia jaji hakufanya. Mwendesha mashtaka anaweza kuishika barua hiyo akasema familia imeyasikia kwake, bado hajakubali kosa, asipunguziwe zile pointi 3. Nimeshaona mshtakiwa mwenyewe akiponzwa na maneno ya namna hiyo.

Kabla ya hukumu atahojiwa pia na ofisa wa probesheni anayeandika ripoti ya maisha yake yote. Asiende bila wakili, na asianze kusimulia safari nyingine za mzigo ambazo hakushtakiwa nazo, maana mwongozo unaruhusu kuzihesabu. Ripoti hiyo anapewa angalau siku 35 kabla ya hukumu, ana siku 14 za kupinga makosa yaliyomo. Asomewe kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Kwenye ripoti ya mdogo wangu walikuwa wameandika hana watoto, kumbe ana wawili Muheza anaowasomesha.

Wewe mwandikie jaji unachokijua wewe tu. Alivyolelewa. Nani alikuwa anamtegemea. Atakaporudi atafikia wapi, atafanya kazi gani, nani atamsimamia. Andika kwa Kiswahili chako, wakili atatafuta wa kutafsiri.

---

Mama Zuhura wa Ilala

Nimeandika upya usiku huu, Zuhura amenisaidia.

"Mheshimiwa Jaji, mimi ni mama yake. Najua alichofanya, ameniambia mwenyewe kwa simu, nami nimelia. Baba yake alipofariki alikuwa na miaka kumi na mmoja, akawa anaamka saa kumi usiku kunisaidia kukanda unga wa maandazi kabla ya kwenda shule…"

Inaendelea kurasa mbili. Kesho naipeleka.